Nyevu, Ngoma na Mrina Asali

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya watu walioshindia maji matupu. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe uliyekuwako!

Sikuwako mimi. Alikuwako aliyenisimulia, na kama alidanganya, basi leo tudanganyike sote pamoja. Sogeeni.

Hapo kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kikiitwa Bondeni. Kilikaa kando ya mto, kwenye udongo mweusi, mtama unamea mpaka unampita mtu kimo. Raha tupu! Lakini mto ule ulikuwa na hila. Mvua inanyesha mbali, milimani. Bondeni jua linawaka, watu wanaanika nguo. Mara, vuu! Maji hayo, yamekuja na miti na mizizi yake.

Ndiyo maana juu ya kilima iliwekwa ngoma kubwa, na ngoma ikawa na mlinzi. Sheria yake ilikuwa nyepesi hata mtoto aliijua. Ngoma ikilia, pandeni kilimani. Ngoma ikinyamaza, maji yamepungua, rudini.

Mlinzi alikuwa mwanamke, Nyevu, aliyeirithi kazi kwa baba yake. Mikono migumu, macho makali, kicheko cha kuwashtua kuku. Hakuwa na mume.

Sasa, alikuwako mrina asali, jina lake Mwaringa. Mrefu, mpole, ananukia moshi na nta. Yeye na wenzake walihamahama na mizinga yao wakifuata miti inapochanua. Kila Mwaringa alipopita kilimani, kifua cha Nyevu kilipiga ngoma yake chenyewe: ndu! ndu! ndu! Mnacheka? Wewe mama wa pembeni unayecheka sana, yako ililia lini?

Siku ya kwanza Mwaringa alileta kibuyu cha asali. "Nyevu, hii ya kwanza kurinwa mwaka huu. Nimeona nikuletee."

Nyevu akataka kusema neno. Neno likafika kooni, likakaa. Akasema, "Ahsante. Watu wa Bondeni watafurahi."

Siku ya pili akaja tena. "Nyevu, mizinga yangu ina nyuki, nyumba yangu haina mtu."

Mh! Mtu aseme nini tena? Lakini Nyevu aliwaza: nikimkubali, nitamfuata, nikimfuata, nani ataulinda mto? Akasema, "Nyumba isiyo na mtu ifagie, isiingie nyoka."

Siku ya tatu Mwaringa hakuketi. "Kesho jua likifika utosini, tunaondoka. Safari hii ni mbali. Mwenye neno na mimi anikute kwenye kivuko cha mawe."

"Safari njema," akasema Nyevu.

Jamani! Safari njema!

Lakini kulipopambazuka, Nyevu aliamka mtu mwingine. Akaoga. Akajipaka mafuta. Akafunga leso yake mpya. Akasema kwa sauti, peke yake, "Leo nasema! Nikifa nife, lakini nasema!" Akashuka kilima anakimbia, neno lake mdomoni kama mtu aliyebeba kaa la moto. Mbio, mbio, mbio!

Akafika penye njia panda. Kushoto, njia ya kivukoni. Kulia, bonde na mto wake. Akasimama.

Mto ulikuwa umenyamaza.

Vyura kimya. Ndege kimya. Maji yamegeuka rangi, mekundu, na povu juu yake, na katikati ya povu, paa la nyumba ya mtu linaelea. Nyevu alijua. Huko juu, mto ulikuwa umekwisha kula watu.

Akatazama kushoto. Hatua mia mbili tu! Akatazama bondeni. Wanawake wanapalilia, wazee wanasuka mikeka, hawana habari. Na njia ile haikuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

Nyevu akapiga yowe moja, akageuka, akaparamia kilima. Leso ikanasa kwenye miiba, akaiacha. Akashika magongo.

Ndi! Ndi! Ndi! Itikieni nami!

*Pandeni, pandeni, maji yaja!*

— *Pandeni, pandeni, maji yaja!*

Watu wakatupa majembe. Watu wakabeba wagonjwa. Watu wakaburuta mbuzi. Maji yakaingia mtamani yakinguruma kama simba mia. Jua likapanda, Nyevu anapiga. Jua likafika utosini, Nyevu anapiga. Na pale juu aliuona msafara wa warina asali ukipanda mteremko wa ng'ambo. Mmoja, mrefu, nyuma ya wote, akasimama akageuka. Akatembea, akasimama. Akatembea, akasimama.

"Mwaringa!" Nyevu akaita. Nani asikie, na ngoma inanguruma? Ayaweke yale magongo chini apunge mkono? Bibi Kadzo, kikongwe wa kijiji, na wajukuu zake walikuwa bado bondeni, maji magotini. Ngoma ikinyamaza, watadhani maji yamepungua, watarudi. Akapiga. Mtu yule akazama nyuma ya mlima.

Jua likainama, Bibi Kadzo akafika juu, mtu wa mwisho. Hakufa mtu Bondeni. Hata mmoja! Watu wakamnyanyua Nyevu, wakamrusha hewani, wakamwimbia. Nyevu analia. Wakasema, "Tazameni, analia kwa furaha."

Miezi ikapita, mtama ukapandwa upya, ukavunwa. Warina asali wakarudi. Mwaringa akapanda kilimani, na nyuma yake mwanamke mzuri, mcheshi, kabeba vibuyu. "Huyu ni mke wangu, Mbeyu."

Nyevu akawakaribisha vizuri, akawapa uji. Mbeyu alipokwenda kisimani, Nyevu akasema upesi, "Siku ile nilikuwa nakuja. Niliona mto."

"Nilisikia ngoma, nikajua huwezi kuja. Nisingekulaumu hata kidogo. Lakini siku zote za nyuma, Nyevu, ngoma ilikuwa imelala, na wewe hukusema."

"Niliogopa ungetaka nikufuate."

Mwaringa akashangaa. "Unifuate wapi? Mizinga hutundikwa popote. Ningeitundika kwenye miti ya kilima hiki. Nami ilinipasa kusema wazi, badala ya kuzungukazunguka. Tulikuwa waoga wawili."

Mbeyu akarudi na maji, wakanywa, wakaaga.

Bibi Kadzo alimkuta Nyevu amekaa kama aliyefiwa. Alikuwa ameyatambua ya hao wawili, mzee haelezwi. Akamshika bega. "Mwanangu, unajuta kutuokoa?"

Nyevu akafuta macho. "Ngoma siijutii, bibi. Maji yakija sasa hivi nitapiga tena. Najutia mdomo."

Wahenga wakasema, mficha uchi hazai. Nyevu aliulinda mto mpaka uzeeni, akapendwa na kijiji kizima, na msichana yeyote aliyepita kilimani na siri kifuani alifukuzwa na mzee huyo kwa fimbo: "Nenda ukaseme! Nenda sasa hivi!"

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa tamu, rambeni vidole; ikiwa chungu, mezeni upesi. Atakayeitaka aibebe.

— Tumeibeba!