Mkunga Aliyemzalisha Bi Pono

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni motoni, kaeni hapo hapo mchangani.

Hapo zamani za kale, kwenye miamba ya matumbawe, aliishi Bi Pono, samaki mwenye meno kama mdomo wa kasuku. Kutwa alikwangua majani ya bahari yaliyoota mwambani, kwaru! kwaru! kwaru! Na mawe yenyewe akayatafuna, akayameza. Jua likizama, aliingia pangoni, akatoa ute mdomoni, akajifunika gubigubi kama mtu aliye ndani ya chandarua. Harufu yake ikapotea kabisa.

Jirani yake, samaki Kikande, akamcheka. "Shoga, unalalaje kwenye mate yako? Huoni haya?"

Bi Pono akaona haya kweli. Siku hiyo akalala bila ute.

Basi harufu ikamfikia Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye pua kali na meno makali zaidi. Mbio mpaka mlangoni.

"Hodi! Mimi mkunga."

"Sikuita mkunga. Sina mimba."

"Hodi! Mimi mkunga. Na tumbo hilo?"

"La shibe."

"Hodi! Mimi mkunga. Sogea nilipapase."

Bi Pono akazinduka, akayaona meno. Maskini, hofu ilimshika! Mlango ni mmoja, na Mkunga kaujaza. Mara akili ikamjia.

"Uwii! Mkunga wangu, umejuaje? Uchungu huo!" Akageuka, akampa mgongo. "Anatoka! Panua mdomo upige vigelegele!"

Mkunga, kwa uroho wake, akaupanua wote.

Pruuu! Mchanga mweupe wa yale mawe aliyoyatafuna ukamjaa Mkunga mdomoni.

"Mtoto gani huyu?"

"Wa kwanza huyo. Na pacha wake!" Pruuu! "Na mziwanda!" Pruuu!

Mkunga akarudi kinyumenyume, anakohoa, haoni mbele. Aliporejea, Bi Pono alishajifunika ute. Akanusa mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuna kitu. Akaenda zake na njaa yake, na Bi Pono akalala fofofo. Ndiyo maana mtu asiyeamshika tunasema kalala usingizi wa pono.

Asubuhi Kikande akaanza tena. "Shoga, bado mate?"

"Heri mate yangu kuliko meno ya mkunga."

Nawe Mwanasiti, unacheka mpaka unagaagaa! Huo mchanga mweupe unaogaagaa juu yake unadhani umetoka wapi? Hao ndio watoto wa Bi Pono.

Hadithi yangu imeishia hapo. Inukeni mjipanguse.