Kibuyu cha Ngiri

Zama hizo wanyama walikuwa na midomo ya kusema, ila hawakuwa na akili ya kunyamaza. Mwenyezi Mungu akawanyima mvua misimu miwili mfululizo, na kwa kuwa Yeye haulizwi, wakabaki kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Nyasi zikawa rangi ya mchanga. Mto ukawa njia. Kila nyumba ikabakiwa na akiba ya mtama, sehemu ya kula na sehemu ya mbegu, na ile ya mbegu ilikuwa haiguswi. Mvua ikirudi nawe huna cha kupanda, utakula shukrani.

Sungura hakuwa na akiba. Sungura hajawahi kushika jembe. Alichokuwa nacho ni ulimi, na huo haunyauki kwa jua.

Basi akapanda juu ya kichuguu kando ya mto mkavu, akaweka vibuyu viwili vikubwa mbele yake, akapaza sauti:

"Jamani, njaa ndiyo itufanye tukae tumenuna? Kila siku ya soko tutashindana mbio hapa mchangani. Leo ni Swala na Nyumbu. Kibuyu hiki cha Swala, hiki cha Nyumbu. Tia konzi kumi za mtama kwa unayemwamini, na umtaje jina kwa sauti, wote tusikie. Akishinda, unabeba kumi na nane!"

"Na asiposhinda?" aliuliza Nungunungu.

"Asubuhi yote hii unajitabiria mabaya, bwana? Hebu kaa pembeni, wenye imani wapite."

Wenye imani wakapita. Fisi akaajiriwa kulinda vibuyu. Malipo yake mifupa, na ruhusa ya kumwonyesha meno yeyote atakayelalamika.

Katika wote walionogewa, hakuna aliyemzidi Kanga dume, yule ndege wa madoa ambaye majirani walimwita Baba Vidoti. Alikuwa mcha Mungu wa kweli. Kabla ya kila mbio alifumba macho akaomba, na Mungu, kwa huruma yake, hakumsikiliza.

Siku moja alirudi nyumbani mkia umelala. Mkewe, Mama Vidoti, alikuwa amekaa mlangoni akiwachambulia vifaranga mchwa.

"Mume wangu, kapu la mbegu limepungua nusu. Ni panya?"

"Si panya, mama. Nimekosa. Shetani alinipitia."

"Shetani huyo kila siku ya soko anapitia kwako tu? Hana nyumba nyingine?"

"Sikiliza kwanza, uone nilivyokaribia! Sungura ameleta mchezo mpya, unaitwa mkeka. Unachagua washindi wa mbio tano, na kwa kila mmoja anakusukia ukindu. Wote watano wakishinda, unabeba gunia zima. Mmoja akianguka, mkeka umechanika. Nilipatia wanne, mama! Wanne! Akabaki Twiga peke yake, naye akajikwaa."

"Kwa hiyo umeleta nini nyumbani?"

"Nilibakiza mmoja tu!"

"Watoto wako watakula huyo mmoja?"

Baba Vidoti akatazama vidole vya miguu yake. Mbegu iliyobaki ilitosha kupanda nusu ya shamba, na vifaranga wale hawakuwa na desturi ya kula nusu. Jioni ile Mama Vidoti alilichukua lile kapu, akaliweka kitandani, akalilalia kama anavyolalia mayai. Mumewe alilala sakafuni.

Siku ya soko iliyofuata mama akaenda mtoni mwenyewe. Hakutia hata punje. Alisimama nyuma ya kichuguu akatazama. Swala akashinda, wa Swala wakaruka wakakumbatiana. Mbio za pili Nyumbu akashinda, wa Nyumbu wakaimba. Sungura alishangilia mara zote mbili, tena kwa moyo safi kabisa.

Akarudi akamwita mumewe.

"Baba Vidoti, mtu mmoja ametia konzi kumi kwa Swala, mwingine kumi kwa Nyumbu. Vibuyuni zimeingia ngapi?"

"Ishirini."

"Swala ameshinda. Wake anabeba ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na Nyumbu angeshinda?"

"Kumi na nane vilevile."

"Haya. Mbili ziko wapi?"

Baba Vidoti akafumba jicho moja. "Hizo... ni za kichuguu."

"Ni za Sungura! Yeye hana habari nani ana mbio. Angeshinda hata Konokono, zake mbili ziko palepale. Leo unashinda wewe, kesho jirani, mnapokezana furaha, na kila mkipokezana yeye anamega. Ndiyo maana kijiji kizima kinashinda na kijiji kizima kinakonda."

"Kwa hiyo hakuna wa kumshinda Sungura?"

"Yupo. Ni yule atakayengoja siku Sungura mwenyewe akosee bei. Na siku hiyo isipokuja, akae nyumbani kwake apalilie."

Siku hiyo ilikuja, na iliyoileta ni tamaa. Zile konzi mbili zilimchosha Sungura. Aliutaka mtama wa nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Akaenda pangoni kwa Simba, akainamisha masikio mpaka chini.

"Ewe Mfalme, wanasema mchangani pale kuna wenye mbio. Mimi nikawaambia, hamjamwona mwenyewe."

Simba akajinyoosha. "Wanasema hivyo?"

"Wanasema, Mfalme. Kimbia mara moja tu, wafumbe midomo. Nimekupatia Ngiri."

"Ngiri! Yule mwenye uso kama aliumbwa jioni mwanga ukiwa hafifu? Unanitukana."

"Ndiyo maana ninakuomba umwache atangulie mpaka kwenye kona ya mto. Mkitoka pamoja, watu watadhani mnalingana." Sungura akasogeza mguu wa nyati aliokuja nao. "Na hiki ni kifungua kinywa kidogo cha asubuhi ya mbio. Mfalme hashindani tumbo tupu."

Simba alipokea vyote viwili, mguu na sifa. Sifa alizimaliza kwanza.

Siku ya mbio hakubaki mnyama nyumbani. Simba alikaa kivulini, tumbo limemtuna, manyoya yamechanwa, akimtazama kila mmoja anayekaribia kichuguu. Na ile desturi ya kutaja jina kwa sauti ilikuwa palepale. Nani angetaja jina lingine?

"Simba!" akasema Nyumbu, akatia akiba yake yote.

"Simba, baba yetu!" akasema Twiga.

"Simba, na Mungu amzidishie," akasema Nungunungu, yule aliyekuwa na maswali.

Sungura alikuwa ametoa bei ndogo kwa Mfalme: tia kumi, chukua kumi na moja. Hakuna aliyelalamika. Hata Fisi alileta mifupa yake yote ya mshahara, akamtaja Simba, akalia kwa mapenzi.

Kibuyu cha Ngiri kikabaki kitupu. Lakini mila ilikuwa kila kibuyu lazima kitangaziwe bei, la sivyo mbio si mbio. Sungura akakipiga teke kidogo, akacheka. "Na huyu naye, tumtafutie riziki. Anayemtaka Ngiri, kwa konzi moja nampa hamsini! Yupo?"

Wakacheka wote, Ngiri mwenyewe akiwamo.

"Nipo," ikasema sauti ya chini.

Mama Vidoti akajipenyeza kati ya miguu ya Twiga, akamwaga konzi moja kibuyuni. "Ngiri," akasema kwa sauti, kama mila inavyotaka.

Baba Vidoti akajaribu kuonekana kama ndege wa familia nyingine.

Simba akasimama. "Bibi, unasema mimi nitashindwa?"

"Hasha, Mfalme. Sikusema nani atashinda, nimesema bei imekosewa. Hata wewe, Mungu apishe mbali, katika mbio hamsini huwezi kuchomwa na mwiba mara moja? Tumbo kukusokota mara moja?"

"Mimi? Sijawahi!"

"Hujawahi, kwa sababu tangu uoe hujakimbia, Mfalme. Mawindo wanaleta wake zako. Nasi wote tunalijua hilo, ila leo tumelisahau kwa heshima."

Wake za Simba, waliokuwa wamekaa nyuma, wakapata kikohozi cha ghafla wote kwa pamoja.

"Konzi moja tu, mama?" Sungura akamdhihaki. "Kama unamwamini, si ungeleta kapu zima?"

"Hii ikipotea, wanangu watakula kama walivyokula jana. Kapu zima likipotea, sitakuwa na wanangu."

"Mbio zianze!" akanguruma Simba, maana maongezi hayakuwa yakimpendeza.

Ngiri akatoka mbio, mkia juu kama bakora. Simba akamwacha atangulie mpaka kwenye kona, akipunga mkono kwa raia. Kisha naye akatoka, na wasikudanganye, alikuwa anapendeza. Manyoya yalipepea, mchanga uliruka. Zilikuwa mbio za kifahari mpaka kwenye mwamba. Baada ya mwamba, ule mguu wa nyati ukaamka tumboni, ukaanza kukimbia upande wake. Simba akapunguza mwendo, akajifanya anasalimia watu.

Hata hivyo angeshinda. Kwa maana Ngiri, karibu kabisa na mkwaju wa kumalizia, alifanya kile wanachofanya ngiri wote tangu walipoumbwa. Alisahau anakimbia kwa nini. Akasimama, akatazama huku na huku, akaona mzizi, akapiga magoti akaanza kuuchimba.

"Ngiri! Mbio!" Mama Vidoti akalia, lakini sauti ya kanga mmoja haifiki popote kelele za nchi nzima zikiwapo. Alijua ni konzi moja tu, lakini konzi hiyo ilikuwa imebeba nusu ya shamba lake mgongoni.

Simba akamfikia. Akawa nyuma yake hatua chache. Kilichobaki kilikuwa kupita tu, kimyakimya, na mambo yangekwisha. Lakini ampite mtu aliyepiga magoti, asijue amepitwa na nani? Kiburi kikampanda. Akasimama, akajaza kifua, akanguruma ngurumo ya kifalme.

Ngiri akakumbuka kila kitu, pamoja na mambo ambayo hayakuwa yametokea. Aliruka pale na mzizi mdomoni, mkia juu, akapita mkwaju, akaupita mto, akapita na kijiji, na hakuonekana mpaka keshokutwa yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Simba alilala chini ya mkwaju akihema. Sungura, ambaye alikuwa amekwisha kuvifunga vibuyu mgongoni, akasema haraka haraka, "Kazi ya Mungu haina makosa, jamani, tukutane siku ya soko."

"Konzi hamsini," akasema Mama Vidoti.

"Zipi? Ngiri alisimama akala njiani. Mbio hizi zimebatilika."

"Kama zimebatilika, warudishie na wa Simba mtama wao."

Sungura akavikaza vibuyu mgongoni. Alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na Fisi, akidai mifupa yake.

Ndipo Simba akasema, bila kufumbua macho, "Sungura, ule mguu wa nyati ulionilisha asubuhi haukuwa mzuri."

Masikio yote yakageuka.

"Mguu gani, Mfalme?" akauliza Mama Vidoti kwa upole.

"Alioniletea. Siku ileile aliyonishauri nimwache Ngiri atangulie."

"Kumbe Mfalme hukushindwa," akasema mama. "Umeuzwa."

Simba akafumbua jicho moja, kisha la pili. Lile neno lilimponya kuliko dawa. "Sikushindwa!" akanguruma, akasimama. "Mmesikia? Sikushindwa!"

Sungura hakusikia mpaka mwisho. Alivitupa vibuyu akatimua mbio, Simba nyuma yake, na safari hii hakumwachia mtu atangulie.

Vibuyu vilipasuka, mtama ukamwagika mchangani. Mama Vidoti akapimiwa konzi zake hamsini, na kwa kuwa akiba za watu zilikuwa zimemegwa siku zote za soko, alipomaliza kupimiwa hazikubaki ila punje. Wanyama wakamtazama yeye, wakatazama mchanga.

"Mbona mnaniangalia kama jeneza?" akasema. "Mimi nachukua zile za kapu langu. Zilizobaki gawaneni za kupanda. Ni mbegu zenu wenyewe, zimepitia njia ndefu tu kurudi nyumbani."

Kila nyumba ikapata fungu. Wengine walilia, wengine walimwombea dua, na Nungunungu akasema yeye alijua tangu mwanzo. Mama Vidoti akampa mumewe fungu lao alibebe. "Tangulia nyumbani. Usipite popote."

Lakini kule mbele vumbi lilikuwa bado linatimka, Sungura akikata kona, Simba akimkaribia. Fisi, ambaye hakuwa na mshahara wala bosi, akapanda juu ya kichuguu kitupu. "Jamani! Anayemtaka Sungura, anayemtaka Simba! Tia kumi, chukua kumi na tisa! Mimi si kama yule, mimi namega moja tu!"

Wanyama wakamzomea, wakaenda zao kutayarisha mashamba. Mmoja hakwenda. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwona mkewe amegeuka, akafumba macho akaomba.

"Simba," akanong'ona Baba Vidoti, akamwaga fungu zima miguuni kwa Fisi.

Sungura aliingia shimoni mzima, ila mkia aliuacha kwenye kucha za Simba, na ndiyo maana hata leo ana kile kikia cha kuazima. Fisi hakungoja mshindi wala mshindwa. Mbio zilipokuwa zinaisha, naye alikuwa anajilamba midomo.

Cha mlevi huliwa na mgema.