Nani Aseme Neno la Kwanza?

Nipeni kimya kidogo, jirani zangu wa gulioni, nami nitawapa kisa. Kidogo tu. Najua ninyi watu wa bondeni kimya kinawawasha, lakini sisi wa Kwelugogo tumekizoea, na leo nataka mkionje.

Mnatuita mabubu wa mlimani. Nimewasikia. Mnanichagulia kabichi zilizofunga vizuri, mnapunguza bei, kisha nikigeuka mnachekana. Haya, chekeni. Nikimaliza nitawauliza swali moja, tuone nani atakuwa bubu.

Kwa asiyetujua: sisi ni waumini wa Kanisa la Utulivu. Kila Jumamosi, tangu jua lichomoze hadi lizame, mtu wa kwetu hafungui kinywa kwa neno. Chakula tunakipika Ijumaa. Salamu tunapeana kwa kuweka mkono kifuani. Mbuzi na majogoo wetu wanapiga kelele watakavyo, maana hawajabatizwa. Anayevunja kimya anakalia benchi la mlangoni mwaka mzima, mbali na meza ya Bwana, na kila anayeingia kanisani anampita pale. Ni sheria ngumu, lakini tumeshikamana nayo tangu enzi za babu zetu na hatujatawanyika. Mimi najivunia, na sitaomba radhi kwa hilo.

Sasa, pale kwetu wapo watu watatu.

Wa kwanza ni Bibi Hulda, mjane anayefuga kuku. Yeye kajaliwa masikio. Akiwa uani kwake anajua ni nani anapita barabarani kwa mlio wa ndala zake, na anajua sufuria ya jirani imeungua kabla jirani mwenyewe hajanusa. Ukimtembelea, usimseme ukiwa bado njiani.

Wa pili ni Mzee Zefania, Mlinzi wa Kimya. Kazi yake ni kuzunguka kijijini kila Jumamosi na fimbo yake, akitazama midomo ya watu. Yeye kajaliwa msimamo. Hajavunja kimya hata mara moja maishani mwake. Mkewe, Mama Loisi, alifariki siku ya Jumamosi alasiri. Mzee alikaa naye, kamshika mkono, hakusema neno. Jua lilipozama na ulimi wake ukawa huru, mke alikuwa ameshapoa. Tangu siku ile, mzee akipita na fimbo yake, hata walevi wa bondeni waliopotea njia hunyamaza.

Wa tatu ni Obadia, kijana mrefu mwembamba, mdogo wake marehemu baba yake Tirza. Yeye kajaliwa mwili unaopita popote. Aliwahi kuchimba vito huko tambarare, kwenye mashimo ambayo mtu mnene angenasa humo hadi kiama. Alirudi nyumbani na macho ya mtu aliyeona mengi, na mdomo wa utani ambao Jumamosi ulimtesa kuliko njaa.

Na Tirza? Tirza ni mtoto wa Ketura. Ana miaka mitano, na huyu ndiye alikuwa fahari yetu. Kwetu mtoto hufunzwa kimya hivi: mama yake ananyemelea nyuma yake siku ya Jumamosi na kumnong'oneza jina. Ni mama mzazi peke yake anayeruhusiwa kufanya hivyo. Mtoto akigeuka au akiitika, ameanguka, na wenzake watamcheka wiki nzima. Asipogeuka, anapewa kipande cha muwa. Tirza alishinda jaribio akiwa mdogo kuliko mtoto yeyote tuliyewahi kumwona. Ketura alinenepa kwa furaha, nasi sote tukanenepa naye.

Basi Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, Tirza alitoweka.

Ketura alianza kumtafuta peke yake. Baadaye tukatoka sote. Mngetuona siku ile msingecheka. Kijiji kizima kinatafuta mtoto na hakuna anayeita. Ketura alikwenda mlango kwa mlango, akifika anaweka kiganja chake hewani, usawa wa kimo cha mtoto, anakutazama machoni. Unatikisa kichwa, anakwenda mlango wa pili. Mimi nilimtikisia kichwa pia, na mpaka leo nakiona kile kiganja.

Bibi Hulda alikuwa uani kwake. Anasema alisikia jiwe likigonga jiwe, ko, ko, na sauti ilitoka chini ya ardhi. Akainuka na kulifuata. Akisimama linasikika, akitembea linapotea chini ya nyayo zake mwenyewe, basi akavua ndala. Likampeleka nyuma ya ghala la zamani la kahawa, kwenye kisima kilichokauka ambacho tulikuwa tumekisahau, kimefunikwa na vichaka. Palikuwa na tundu jipya kwenye vichaka. Bibi akakimbia na miguu yake mibovu, akamkamata Mzee Zefania kwenye mkono wa koti, akamburuta. Sasa niambieni, siku ya Jumatatu, redio zikiwa zinapiga na watu wanabishana, nani angesikia kijiwe kinagonga chini ya ardhi?

Obadia yeye alikuwa anatuhama. Nasema waziwazi, maana mwenyewe alilisema. Sanduku lilikuwa kichwani, limefungwa kwa kamba yake ya machimboni, na alikuwa ameichagua Jumamosi makusudi, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayeweza kumuuliza mtu anakwenda wapi. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya mwisho ya njia ya kushukia bondeni alipokutana na Ketura anapanda kutoka nyumba za chini, kiganja hewani. Akakitazama kile kiganja. Akatua sanduku, akafungua kamba, akalitupa sanduku kichakani na kurudi mbio.

Tukakusanyika kisimani. Obadia alilala kifudifudi akachungulia. Alipoinuka alituonyesha kwa mikono: chini ni giza, kuna mapango mawili, moja kushoto, moja kulia, na udongo wa kuta umelowa. Akiteremkia upande mmoja, udongo wa upande huo utaporomoka. Ilibidi ajue mtoto yuko pango gani, ateremkie lile jingine. Na yale mawe yakigonga, mwangwi ulijaa shimo zima, hata Bibi Hulda hakuweza kutofautisha.

Ketura akapiga magoti ukingoni. Akanong'ona, "Tirza."

Mawe yakanyamaza.

Mmeelewa? Mtoto alidhani anajaribiwa. Yuko chini ya ardhi, gizani, kaumia mguu, na bado anakumbuka kwamba leo ni Jumamosi na kwamba mama akinong'ona jina lako hutakiwi kuitika. Alikuwa hajalia tangu aanguke. Alikuwa anagonga mawe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mawe yamekatazwa.

Ketura akapiga kelele. "Tirza, mwanangu, niitikie. Si jaribio." Alivunja kimya, ndiyo, na hakuna aliyemhesabia, kwani sisi si mawe. Lakini chini hakukutoka kitu. Obadia naye akafungua kinywa, na yeye pia hatukumhesabia: "Tirza, ni baba mdogo. Uko upande gani?" Kimya. Kwa utani wote aliozoea kumfanyia, nani angemwamini? Udongo ukaanza kudondoka wenyewe, vipande vipande, tukasikia unavyotua.

Wote tukamgeukia Mzee Zefania.

Alikuwa amesimama na fimbo yake, jua la saa sita likimwakia kwenye upara. Nikamwona anatazama mkono wake wa kulia, ule uliomshika Mama Loisi. Kisha akaiweka fimbo chini, polepole, mzee mzima, akainama juu ya shimo.

"Tirza," akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Huyu ni babu Zefania. Kimya kimekwisha. Sema."

Tukangoja.

"Babu?" Sauti ndogo kabisa. "Jua limezama?"

"Limezama, mjukuu wangu."

"Niko huku kwenye mzizi mkubwa. Mguu unauma."

Mzizi ulionekana ukichomoza ukutani, upande wa kushoto. Obadia akajifunga kamba, wanaume wakaishika, akateremkia kulia, mwembamba, akijikunja, akijivuta kwa viwiko. Upande wa kulia ukaporomoka ukamfukia hadi kiunoni. Akachomoka, akanyoosha mkono ule mrefu ndani ya pango la kushoto, akamshika mtoto kwapani, akamtoa.

Tirza alipotoka, jua lilimpiga usoni. Akalitazama juu kabisa angani. Akamtazama Mzee Zefania. Halafu akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kwa hofu, maana alikuwa ameongea mchana wa Jumamosi. Mzee akapiga magoti mbele yake, akaiondoa ile mikono mdomoni, mmoja baada ya mwingine. Nililia. Nani hakulia?

Jioni, jua lilipozama kweli, tuliingia kanisani. Mzee Zefania hakungoja kuambiwa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la mlangoni. Alisema, "Nimevunja kimya, na nimemdanganya mtoto. Na niwaambie jambo jingine. Tangu Loisi aondoke najiuliza kila Jumamosi kama Mungu alikihitaji kimya changu zaidi ya Loisi alivyolihitaji neno langu la mwisho. Sijapata jibu. Nimeilinda midomo yenu nikiwa na swali hilo ndani ya wangu."

Bibi Hulda akainuka. "Msinisifu mimi. Mnasema nimesikia kwa kuwa nasali sana. Nilimsikiliza Mungu miaka na miaka, nikaambulia kuku. Nikabaki nasikiliza kuku na sufuria zenu, hadi masikio yakawa hivi. Mtu wa sala angezama katika sala yake, asingesikia kijiwe."

Obadia yeye alisimama nje ya mlango, udongo umemkaukia mwilini. "Mimi nilikuwa naondoka," akasema. "Naona Mungu hawezi kukaa kwenye mlima mmoja tu. Bado naona hivyo. Lakini pale machimboni shimo likititia watu wanakimbia. Hapa mlishika kamba."

Hakuna aliyewazomea. Ninyi mnaotuita mabubu, mna kanisa au msikiti ambamo watu watatu wangesema hayo kwa siku moja, wakasikilizwa hadi mwisho? Tulikaa kimya, na hicho kimya hakuna sheria iliyotulazimisha.

Sasa njooni kwenye swali. Kila mwaka, Jumamosi ya mavuno, jua likizama, mtu mmoja anavikwa kitambaa cheupe begani na kusema Neno la Kwanza kwa niaba yetu sote. Neno hilo linaandikwa juu ya mlango wa kanisa na linakaa pale mwaka mzima. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwetu. Mwaka mmoja lilikuwa "Asante." Mwaka mwingine bwana mmoja alikuwa na njaa akasema "Ugali," na tukalipita likiwa juu ya vichwa vyetu miezi yote, tena wageni wakadhani ni hoteli.

Mwaka huu wazee wamempa Ketura kitambaa amvike anayestahili, kwa kuwa mtoto ni wake. Na Ketura halali vizuri.

Wengine wanamwambia ampe Bibi Hulda. Asingesikia yeye, wale wawili wangekuwa na nini cha kufanya? Na ndiye peke yake kati ya watatu aliyeitunza Jumamosi hadi jioni. Lakini bibi mwenyewe anasema hakuwa anasali, na akivikwa yeye, Mzee Zefania ataonekana alikosea.

Wengine wanasema ampe Mzee. Wenzake walitoa masikio na misuli, yeye alitoa kitu alichokilinda kuliko alivyomlinda mkewe. Lakini mkaa benchi haruhusiwi kuvikwa, na tukimruhusu leo, kesho tutamfunza nini Tirza na wenzake?

Wengine, hasa vijana, wanasema Obadia. Yeye ndiye aliyefukiwa hadi kiunoni. Lakini sanduku lake lipo pale mlangoni kwake, limefungwa upya. Amesema atangoja mavuno, kisha ataamua. Kumpa Neno mtu ambaye huenda asubuhi yake hayupo? Au kumnyima, halafu tumwone anashuka mlima?

Jana nilimkuta Ketura amekunja kitambaa mapajani, Tirza kamlalia begani na mguu wake wenye bendeji. Akaniambia, "Shoga, mimi nimeshindwa. Waulize wale wa gulioni. Wao hawana upande."

Ndiyo nimewauliza. Leo ni Ijumaa, kesho ndiyo Jumamosi ya mavuno, nami lazima niwahi kupanda kabla giza halijaingia. Semeni sasa, mmoja mmoja, maana kesho mkinifuata huko juu sitaweza kuwajibu. Kile kitambaa kingekuwa mikononi mwako, wewe ungemvika nani?

Mbona mmenyamaza?