Mapigo Manne Msibani

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, mpiga kayamba wa kwaya ya usharika fulani. Wimbo wao wa faraja ulikwenda kwa mapigo matatu: moja zito, mawili mepesi. Ukiuimba, mwili unayumba wenyewe, kama mtu aliyempakata mtoto.

Akaja mwalimu mpya wa kwaya na kinanda cha umeme. Alitaka kushinda mashindano ya jimbo, basi akaugeuza wimbo uwe wa mapigo manne, uende kwa hatua, watu wapige makofi. Vijana waliufurahia, na kweli ulichangamsha. Lakini mkono wa yule mama kila mara ulirudi kwenye matatu. Mwalimu akamwambia mbele ya wote kwamba anawaharibia, akapumzike nyumbani.

Haukupita mwezi, mama akafiwa na binti yake wa pekee. Kwaya ikafika msibani na kinanda na spika, wakauanza wimbo ule kwa mapigo manne. Watu waliokaa mikekani hawakujua walie au wapige makofi. Mfiwa akainua mkono, wakanyamaza.

“Mwalimu,” akasema, “mbona mnaniharakisha? Mnanipeleka wapi?”

“Mama, ndivyo tulivyofanya mazoezi.”

 Mama akauanza wimbo mwenyewe, akigonga paja lake, matatu matatu, polepole. Wanawake wakayumba naye, wakalia. Waimbaji wakaketi mmoja mmoja, mwalimu akabaki amesimama na kinanda chake.

Mnadhani aliomba radhi? Alikwenda kushtaki kwa wazee wa kanisa kwamba mama ameiaibisha kwaya. Na wazee wakamwandikia mama barua ya onyo. Mfiwa, kaburi la mwanawe halijaota hata jani.

Naona mnatikisa vichwa. Mnauliza, ni wazee gani hao wasio na haya? Ni sisi. Nani hapa alimwambia mjane wetu wa kule kisimani kwamba miezi minne imetosha, avue nguo nyeusi? Nani alimnong'oneza afupishe ushuhuda wake Jumapili iliyopita? Mimi mchungaji wenu nilitazama saa akiwa bado analia. Tunawapangia watu mwendo wa machozi yao, kisha tunawaita wakosaji.

Leo, ibada ikiisha, tutakwenda sote kwa mjane wetu. Tutaketi chini. Na asiwepo hata mmoja wetu wa kuanza wimbo kabla yake.