Mawe Meupe Ndani ya Ukungu

Wewe uliyekaa hapo, wiki hii umeiacha kazi gani kwa sababu tu hakuna aliyekupigia simu kuiulizia? Usimtazame jirani. Nimekuuliza wewe.

Palikuwa na mwanamke mmoja, msimamizi wa mradi wa maji katika kijiji cha milimani, huko ambako ukungu hushuka asubuhi ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maji kwenye chemchemi juu msituni na kuyafikisha zahanati, kwenye chumba cha kujifungulia. Hadi wakati huo, mama aliyekwenda kujifungua alibeba ndoo yake ya maji, na mama mkwe nyuma yake akabeba ya pili.

Mafundi walikuwa huko juu wakijenga tangi la kukusanyia maji. Kuta zilikuwa zimesimama, kimebaki kifuniko. Ndipo simu ikalia: mgeni rasmi anakuja Jumamosi kuzindua.

Mnatujua sisi na mgeni rasmi. Akitajwa tu, hata mbuzi wa kijiji huanza kutembea kwa adabu. Ikaja simu ya turubai, ikaja ya utepe, ikaja ya fulana. Kisha mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe, anahema.

"Mama, mawe ya barabarani hayajapakwa chokaa! Mgeni apite kama anakwenda mazikoni?"

"Mafundi wako chanzoni, mwenyekiti. Hawajafunika tangi, na mvua hiyo inakuja."

"Chanzoni nani atapanda kwenda kuona? Nyani?"

Akacheka. Msimamizi naye akacheka. Akawateremsha mafundi.

Jioni muuguzi wa zahanati alimkuta ameinama barabarani, brashi mkononi.

"Dada, maji yatafika kweli? Kuna binti namhudumia, ni uzazi wake wa kwanza. Siku zimekaribia."

"Yatafika, dada. Wewe andaa beseni."

Muuguzi akashukuru, akaenda zake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Angekuwa na turubai la kukodisha, angesikilizwa.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi msimamizi alipotoka nje, dunia haikuwapo. Ukungu ulikuwa umeimeza, na mawe yake yote meupe yamezama ndani ya weupe. Akatembea polepole kama anayekanyaga wingu. Mahali fulani juu alisikia maji, sauti kama ya mtu anayezungumza usingizini. Akayawazia yakishuka peku, yakiuliza kila mti njia ya kwenda zahanati, na kila mti ukiyajibu: shukeni, shukeni, mnasubiriwa. Akasimama. Alitaka kuyasikiliza mpaka mwisho.

Simu ikalia. Utepe tena.

Gari la mgeni rasmi likaja likipapasa njia, taa zinawaka. Mgeni hakuona hata jiwe moja. Alikata utepe, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema tope kidogo, likanyamaza. Kutoka ndani ya zahanati ikasikika sauti ya yule binti, uchungu umemshika, na muuguzi akatokea mlangoni na beseni tupu.

"Ni hewa tu, mheshimiwa," mwenyekiti akasema. "Bomba jipya huwa na hewa."

Tuwaache hapo kidogo, bomba wazi, beseni tupu.

Ndugu zangu, yule mwanamke alikuwa mvivu? Hapana. Pale uwanjani hakuna aliyechoka kuliko yeye. Na sisi tunapenda sana kuchoka, kwa maana uchovu unafanana na uaminifu. Lakini tunazipanga kazi zetu kwa kufuata kelele. Kinachotupigia simu tunakifanya leo. Chenye uhai wa mtu ndani yake tunakiambia kesho, kwa sababu kimeuliza kwa upole kikaenda zake. Nani kati yetu hana tangi lililoachwa wazi huko juu, mahali ambapo ni nyani tu wanaona? Mtoto aliyekuomba dakika kumi za masikio yako. Mama yako na ile dawa yake. Sala yako, ile ya peke yako, isiyo na kipaza sauti. Na mvua ikinyesha leo, je, ni nani kwetu atakayesimama na beseni tupu?

Sasa turudi bombani. Mgeni rasmi alikuwa tayari kuikubali ile hewa. Wageni rasmi hukubali. Makofi yalikwisha kuanza. Msimamizi akalitazama beseni, akaitazama mikono yake, chokaa bado iko kwenye kucha.

"Si hewa," akasema, na makofi yakakatika. "Ni tope. Tangi liko wazi. Niliwaondoa mafundi kabla hawajalifunika, nikawaleta hapa tupake mawe. Mvua nilijua inakuja. Nilijua, na nikawaondoa. Ni mimi."