Kindi na Ligi ya Wasioshuka Daraja

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani wasumbufu kama sisi, wale wa Ulaya kwenye baridi walipenda mchezo mmoja kupita yote: mpira wa kikapu. Du! Du! Du! Ulidunda tangu alfajiri. Sogeeni, na wewe unayecheka huko nyuma, hadithi hii haichekeshi sana.

Ligi yao ilisimamiwa na Shirikisho, na desturi ilikuwa hii: kila msimu timu ya mwisho inashuka daraja, na bingwa wa daraja la chini anapanda. Hata Dubu mwenye mabega mapana aliwahi kushuka. Alilia mbele ya watoto wake, kisha akajifua akapanda tena.

Msimu huo aliyeshika mkia alikuwa Kindi. Bingwa wa chini alikuwa Bibi Mbuzi wa milimani, na vijana wake walishamwambia wazi, "Bibi, tusipopanda mwaka huu, tunakwenda mjini kutafuta vibarua." Kwa hiyo Mbuzi alikuwa akishona jezi mpya kwa furaha.

Kindi akaenda kwa Dubu, akamkuta anakunywa chai na Nyati. Hao ndio walikuwa wakubwa wa ligi.

"Hodi, wakubwa!"

"Karibu, mshika mkia!" Nyati akacheka, ho! ho! ho!

"Cheka tu, mzee. Na Dubu akiumia goti msimu ujao? Atashuka akacheze na mbuzi kwenye ukumbi unaovuja!"

Dubu akaweka kikombe chini, tak! "Usinikumbushe hayo."

"Basi tokeni kwenye Shirikisho. Anzisheni ligi yenu. Hashuki mtu, hapandi mtu."

"Na nani atatufuata?"

"Wote wanaoogopa kushuka. Yaani wote!"

Wakafuatwa kweli. Kiapo cha wachezaji wa huko kilikuwa kushika mpira mmoja kwa pamoja, na lililosemwa juu ya mpira halikufutwa. Wakaapa: timu iliyoshika mpira huu haitatolewa kamwe. Kwa pupa yao, hakuna aliyeuliza kwa nini mkono wa kwanza kuugusa ulikuwa wa Kindi.

Bibi Mbuzi akafika kwenye geti la ukumbi wa ligi na vijana wake, jezi zimenyooshwa.

"Tumeshinda. Tumekuja kupanda."

"Ligi imejaa, Bibi," Nyati akasema, macho chini.

"Imejaa mpaka lini?"

"Milele."

Mbuzi aliumia sana, wanangu. Vijana wakavua jezi palepale, wakashika njia ya mjini.

Kindi naye akaacha mazoezi. Ya nini? Alifungwa kila mechi, na mgawo wake wa fedha za ligi akapata vilevile. Wengine wakamwona, nao wakalegea. Mashabiki wakachoka kutazama mechi zisizompandisha wala kumshusha yeyote, wakabaki makwao. Ukumbi wa Dubu ukawa unasikika du... du... basi.

"Toka, Kindi!" Dubu akanguruma. "Umetuharibia ligi!"

"Nitoke vipi, mkubwa? Si uliapa mwenyewe?" Kindi akaendelea kutafuna njugu, kacha, kacha.

Nyati akapanda mlimani akihema. Akamkuta Mbuzi shambani.

"Bibi, naomba uje na vijana wako. Hata mechi moja ya kirafiki! Watu watarudi."

"Vijana gani? Mmoja anabeba magunia sokoni. Wengine sijui hata kama wako hai."

"Na kikapu chenu?"

"Hiki hapa. Nimekishonea kitako, nakitilia viazi."

Nyati akalia kwa sauti. Bibi Mbuzi akainama, akaendelea kuchimba.

Basi shikeni hili: mkubwa akiwazibia wadogo njia ya kupanda, atabaki kucheza na mjanja asiyejali kushindwa, na hakuna atakayekuja kuwatazama.