Mtamba wa Lugulu

Hapo zamani, na si ile ya mababu bali ya juzi tu lami ilipofika Lugulu, kulikuwa na mwanamke aitwaye Holo, mpeleka maziwa. Kila asubuhi alifunga madumu mawili kwenye keria ya baiskeli yake ya chuma, akapanda mlima, akateremka mlima, na maziwa yakafika mjini hayajaganda.

Mwaka huo zikatangazwa mbio za baiskeli za wanawake, kilomita mia moja. Wafugaji wa Lugulu walitoa zawadi: mtamba mweupe, ng'ombe jike mwenye mimba ya kwanza. Mengine yote yalidhaminiwa na kampuni ya dawa iitwayo Uzima Tele, watengenezaji wa sindano ya kuongeza damu kwa wagonjwa wa figo. Kampuni ikatundika mabango njia nzima: DAMU SAFI, USHINDI SAFI.

Ikachagua wanawake wawili wavae fulana zake za kijani, ikawapa baiskeli nyepesi zenye gia. Mmoja alikuwa Holo. Wa pili alikuwa Sayi, jirani yake, mama wa watoto watatu. Wawili hao walichota maji kisima kimoja tangu utotoni.

Wiki mbili kabla ya mbio, daktari wa kampuni aliwaita kwenye kambi ya mazoezi, akafungua kisanduku cha barafu.

"Toeni mikono. Hii itawaongezea damu. Mtapanda mlima kama mnateremka."

Holo akaisoma chupa. Aliijua.

"Dokta, sindano hii mama yangu aliisubiri hospitalini wiki sita. Akafa akiisubiri. Leo nichomwe mimi mwenye figo nzima?"

"Asiyechomwa arudishe fulana."

Holo akarudisha fulana, akarudisha na baiskeli, akaenda zake kwa miguu. Sayi akautazama mlango, akaitazama baiskeli. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na baiskeli yake mwenyewe. Akatoa mkono.

Siku ya mbio Holo alifika na chuma chake cha maziwa. Watu wakacheka. Pembeni yake alisimama mwanamke mrefu kutoka Meatu, jina lake Ng'washi, naye ana baiskeli ya chuma, hana timu, hana mdhamini, hasemi na mtu.

Filimbi ikalia. Sayi akaruka kama mshale. Akapanda mlima akiimba! Ng'washi akafuata, peke yake. Holo akapiga pedali, akapiga, akapiga, lakini upepo wa mbugani ulimkaba kifua, na kila alipoinua kichwa aliwaona wenzake wakizidi kuwa wadogo.

Kilomita ya sitini akamkuta Sayi amesimama kando ya barabara.

"Umepata pancha?"

"Sijapata. Nakusubiri wewe," Sayi akasema. "Dada, nikifika wa kwanza kwa nguvu za sindano nitaona aibu mpaka kaburini. Kaa nyuma ya gurudumu langu, nikukingie upepo."

Holo alijua miguu ile ilikuwa na nini ndani yake. Alijua pia kwamba peke yake hafiki. Akakaa nyuma.

Basi wakaenda! Wakapita mmoja, wakapita watano, wakapita kumi. Wakampita na Ng'washi, aliyekuwa ameinamia usukani akipambana na upepo. Zilipobaki hatua mia mbili Sayi akasogea pembeni, akapiga kelele, "Nenda, Holo! Nenda!" Na nyuma yao, jamani, Ng'washi anakuja! Holo akasimama juu ya pedali. Moyo ukadunda masikioni. Akaukata utepe, akimzidi Ng'washi kwa upana wa kiganja.

Vigelegele! Ngoma! Wanawake wakatandika kanga barabarani. Holo akacheka na kulia kwa pamoja, na wale waliomcheka asubuhi wakambeba juu juu na baiskeli yake.

Bosi wa kampuni alikuwa jukwaani, ameshafungua hotuba yake ya damu safi. Sayi, ambaye hakuuvuka mstari, akapanda, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mimi nimechomwa sindano ya hawa hawa wenye mabango. Daktari wao ndiye aliyenichoma. Nipimeni."

Daktari akakimbilia gari, wafugaji wakamzingira mpaka polisi wakamchukua. Bosi akameza hotuba. Shangwe za mara hii zilishinda zile za kwanza.

Ndipo mwamuzi, Bi Nyanzala, akaja na mtamba, kamba mkononi.

Ng'washi akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Nimekula upepo kilomita mia, kwa damu yangu. Huyu amefikishwa na sindano ile ile aliyoikataa. Mtamba ni wangu."

"Mimi nilikataa wakati hakuna aliyenitazama," Holo akajibu. "Na leo kila pedali nimepiga mwenyewe. Utepe nimeukata mimi."

Sayi akasema hataki kitu. Lakini mfugaji mmoja akasimama. "Asingesema huyu, mwakani binti zetu wote wangechomwa. Alikuwa mbele, akasimama. Nani mwingine ameacha ushindi mkononi?"

Watu wakagawanyika mafungu matatu, kila fungu likiimba jina la mtu wake, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Bi Nyanzala akamtazama Holo, akamtazama Ng'washi, akamtazama Sayi, akainyoosha kamba.

Enyi mnaonisikiliza, mngekuwa ninyi Bi Nyanzala, kamba hiyo mngeitia mkononi mwa nani?